Mavazi ya Rangi Kali Porini Wakati wa Msimu wa Uwindaji: Mwongozo Kamili kwa Warina Asali, Wafugaji na Watafiti wa Kanda ya Kati

Kila mwaka, tarehe 1 Julai, msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa nchini Tanzania, na kwa sisi wa kanda ya kati tarehe hiyo hukutana na wakati ambao watu wengi zaidi wanaingia nyikani. Mvua zimekwisha kukatika, njia zinapitika, warina asali wa Manyoni na Itigi wanazungukia mizinga yao, wafugaji wanasogeza ng'ombe kufuata maji, akina mama wanafuata kuni mbali zaidi kuliko walivyofanya wakati wa masika, na wanafunzi wa vyuo vya Dodoma wanatoka na madaftari yao kuhesabu miti na ndege. Wengi wao hutembea kandokando ya mapori ya akiba, yaani Rungwa, Kizigo na Muhesi upande wa Manyoni, au Swagaswaga na Mkungunero upande wa Kondoa na Chemba. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, nao unahusu jambo moja: namna ya kuvaa ili mwenye bunduki akutambue kuwa wewe ni mtu kabla hajafyatua risasi.

Uwindaji wa kitalii nchini mwetu umejengwa juu ya leseni, kitalu (yaani eneo la pori lililotengwa kwa uwindaji), mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni, na askari wa wanyamapori anayefuatana na mgeni. Hiyo ni kinga kubwa, lakini inamwongoza yule anayewinda. Haimwambii mrina asali avae nini, wala mtoto anayechunga mbuzi. Pengo hilo tunaweza kulijaza wenyewe, na njia rahisi ni kuazima vipimo ambavyo nchi nyingine zimekwisha kuviweka katika sheria zao.

Sheria za wenzetu zinapima nini

Nchini Marekani kila jimbo hujitungia masharti yake, na majimbo mengi huwataka wawindaji wa bunduki wavae rangi ya chungwa inayong'aa, ambayo katika mwongozo huu nitaiita chungwa kali. Pennsylvania hutaka, katika misimu mingi ya wanyama wakubwa, inchi za mraba 250, yaani kama sentimita za mraba 1,613, zikijumlishwa kichwani, kifuani na mgongoni, na zionekane kutoka pande zote. Colorado hutaka mara mbili ya kiasi hicho, inchi za mraba 500 au sentimita za mraba 3,226, juu ya kiuno, pamoja na kofia ya rangi hiyo. Kitambaa kiwe cha rangi moja, kwa kuwa chungwa lenye mabaka halihesabiki. Wisconsin haipimi kwa inchi bali hutaka angalau nusu ya vazi la nje juu ya kiuno liwe la rangi hiyo. Mwaka 2016 Wisconsin na Colorado ziliruhusu pia waridi inayong'aa. Jimbo la Quebec huko Kanada hutaka sentimita za mraba 2,580, mgongoni, mabegani na kifuani. Ujerumani na Ufaransa nazo hudai mavazi ya rangi ya tahadhari katika uwindaji wa pamoja, ambapo wengine wanawasukuma wanyama na wengine wanasubiri na bunduki.

Sheria inayotufaa zaidi ni ya jimbo dogo la Rhode Island. Huko sharti la vazi haliwahusu wawindaji peke yao. Katika maeneo yanayosimamiwa na jimbo, msimu wa uwindaji ukiwa wazi, kila anayeingia, awe anatembea kwa miguu, anaendesha baiskeli au amepanda farasi, lazima avae angalau inchi za mraba 200 za chungwa kali, na kiwango hupanda hadi 500 wakati wa msimu wa kulungu kwa bunduki. Waliotunga sheria hiyo walitambua kwamba risasi haiulizi nani ana leseni na nani amekuja kutazama ndege, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia kwa vijiji vilivyopakana na vitalu.

Ukizisoma sheria hizi pamoja utaona kwamba zinapima mambo matatu: ukubwa wa rangi, mahali inapokaa mwilini, na kuonekana kwake kutoka kila upande. Ili usihangaike na hesabu, chukua karatasi ya kawaida ya kuchapia barua, ile ya A4. Karatasi moja ina sentimita za mraba 624 hivi. Kipimo cha Pennsylvania ni kama karatasi mbili na nusu, cha Quebec ni karatasi nne, na cha Colorado ni tano na kidogo. Mimi napendekeza karatasi tano kwa mtu mzima pamoja na kofia, na tatu kwa mtoto pamoja na kofia.

Kwa nini chungwa, na si jekundu

Hapa naomba msomaji asiharakishe, maana vazi jekundu tunalo tayari, na wengi wanaamini kwamba shuka jekundu la mfugaji linatosha. Mchana linatosha kwa kiasi. Lakini wanyama hutembea alfajiri na jioni, na wawindaji huwafuata saa hizo hizo. Mwanga unapopungua, jicho la binadamu hupoteza uwezo wa kuona wekundu kabla ya rangi nyingine, hivyo shuka lililokuwa likiwaka saa sita mchana huonekana kama kitu cheusi saa kumi na mbili jioni. Zaidi ya hapo, miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, ambao ni sehemu kubwa ya wageni wanaokuja kuwinda, takriban 8 kati ya 100 wana upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani.

Chungwa kali hufanya kazi kwa njia nyingine. Rangi yake hupokea miale ambayo jicho letu halioni vizuri au haliioni kabisa, ile ya urujuani na iliyo nje ya urujuani, kisha huirudisha kama mwanga wa chungwa. Kwa sababu hiyo kitambaa huonekana kana kwamba kina taa ndani yake, hata siku ya mawingu, hata dakika chache kabla ya jua kuchomoza. Rangi za namna hii zilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1930 na ndugu wawili, Robert na Joseph Switzer. Katika nyika yetu hakuna jani, udongo wala mnyama anayetoa mwanga wa aina hiyo.

Niliwahi kufanya jaribio dogo karibu na vilima vya Chenene, na ninamshauri kila kiongozi wa kikundi alirudie, kwa kuwa linawashawishi watu kuliko hotuba. Kabla hakujapambazuka nilitundika vitambaa vinne kwenye mgunga: shati la kaki, shuka jekundu, kizibao cha mafundi cha rangi ya kijani-njano, na kizibao cha chungwa kali. Nikarudi nyuma hatua 200, nikangoja. Chungwa lilijitokeza la kwanza, wakati mbingu ilikuwa bado ya kijivu. Kijani-njano kilifuata na kwa muda kilionekana vizuri sana, lakini jua lilipogusa majani makavu kikaanza kufanana nayo. Shuka jekundu lilikaa muda mrefu kama kisiki kilichoungua. Shati la kaki sikuliona kabisa mpaka nilipokumbuka tawi nililolitundika.

Wapo wanaohofia kwamba rangi hii itawashtua wanyama au itawaita nyati na tembo. Swala, nyati, tembo na wanyama wengi wa kwato wana aina mbili tu za chembe za kutambua rangi machoni, nao hawaioni chungwa kama sisi tunavyoiona. Kwao ni rangi iliyofifia. Nyani na ndege ndio wanaoiona vizuri, jambo ambalo linamhusu zaidi mtafiti wa ndege kuliko mchungaji. Kinachomshtua nyati ni harufu yako na mwendo wako.

Hatua ya kwanza: jua unasimama kwenye ardhi ya nani

Kabla ya kununua kitambaa, nenda ofisi ya kijiji au kituo cha karibu cha TAWA, ambayo ndiyo mamlaka inayosimamia mapori ya akiba na mapori tengefu, ukaulize mipaka. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kuingia katika pori la akiba kunahitaji kibali cha maandishi, na kuchunga mifugo humo bila idhini ni kosa. Kizibao cha chungwa hakigeuki kuwa kibali. Nasema hivi kwa sababu nimekutana na vijana walioamini kwamba mradi wanaonekana, basi wameruhusiwa. Wakati huo huo uliza mambo mawili zaidi: kama kitalu jirani kina wageni wiki hiyo, na kambi yao iko upande gani. Halafu acha jina la kikundi chako, njia mtakayopita na siku ya kurudi.

Hatua ya pili: chagua kitambaa

Mjini Dodoma vizibao vya chungwa vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na kwa wauzaji wa vifaa vya bodaboda, wanaoviita reflekta. Jina hilo limewachanganya wengi. Ile mistari ya fedha iliyoshonwa kwenye kizibao ndiyo inayoakisi, nayo huurudisha mwanga kule ulikotoka: dereva mwenye taa huiona, lakini mwindaji asiye na taa, mchana kweupe, haioni kama kitu cha pekee. Kwa shughuli za mchana unanunua kitambaa, kwa hiyo kitazame kitambaa chenyewe. Kipeleke nje ya duka, kwenye kivuli, ukilinganishe na kitu cha kawaida cha rangi ya chungwa, mfano ndoo ya plastiki. Kikionekana kung'aa kuliko ndoo hiyo kivulini, ni chungwa kali. Kikiwa sawa nayo, ni rangi ya kawaida tu, na haitakusaidia alfajiri.

Epuka vizibao vya wavu wenye matundu makubwa, kwa kuwa nguo ya ndani huonekana kupitia matundu hayo na rangi hupungua. Asiye na uwezo wa kununua kizibao anaweza kununua kitambaa cha rangi hiyo, akakata tundu la kichwa katikati na kufunga kamba kiunoni; nimeona fundi cherehani akimaliza vinane kwa asubuhi moja.

Kuna rangi ambazo hazifai kuvaliwa hata chini ya kizibao. Bluu iliyokolea na nyeusi huwavutia mbung'o, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo; anayekwenda upande wa Rungwa au Muhesi aziache nyumbani. Nyeupe peke yake nayo ina hatari yake, kwa sababu kitu cheupe kinachotikisika kati ya vichaka kinafanana na weupe ulio makalioni mwa kuro, mnyama wa jamii ya swala. Nguo za mabaka zinazofanana na sare za jeshi zisiguswe kabisa. Mbali na kukuficha, zinakuingiza kwenye kosa: mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Mtafiti mgeni anayekuja na suruali ya mabaka kutoka kwao aambiwe mapema.

Hatua ya tatu: vaa uonekane pande zote, pamoja na mzigo wako

Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata walionunua vazi zuri. Kizibao kinaonekana mpaka pale unapobeba kitu. Mrina asali anaweka ndoo au kiroba mgongoni, na chungwa lote la nyuma limefunikwa. Mama anamfunga mtoto kwa khanga, na mgongo wake sasa una rangi ya khanga. Mchanja kuni ana mzigo kichwani unaofunika kofia. Mwanafunzi ana begi la kijivu linaloanzia shingoni na kuishia kiunoni. Kanuni ni kwamba rangi ivae mzigo: funga kipande cha karatasi mbili za A4 juu ya begi, juu ya kiroba na nyuma ya mzigo wa kuni, na mama apewe kitambaa cha chungwa cha kufunika khanga ya mbeleko. Punda anayebeba maji naye afungwe kitambaa shingoni na kiunoni, na mbwa wa mchungaji avishwe mkanda wa rangi hiyo, maana katika majani mtu huona kwanza mgongo wa rangi ya udongo unaosogea.

Kofia si pambo. Majani ya nyikani mwezi Julai yanaweza kumfikia mtu kifuani, na anayeinama kuchimba dawa au kupima shina la mti hupotea wote isipokuwa kichwa. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, mtoto anayechunga apewe kofia kwanza.

Mkishavaa, simameni kwa mstari mahali peupe, mmoja arudi nyuma hatua 200 na kuwatazama mkigeuka taratibu, kisha mkichuchumaa. Yeyote anayepotea katika mkao wowote arekebishwe hapo hapo kabla ya safari.

Hatua ya nne: panga saa zako

Mwezi Julai jua huchomoza Dodoma karibu saa 1 kasoro dakika 10 asubuhi na kuzama kama saa 12 na nusu jioni. Panga kuingia porini baada ya saa 2 asubuhi na kutoka kabla ya saa 11 jioni. Ukilazimika kutembea nje ya saa hizo, fuata njia iliyozoeleka, ongea kwa sauti, wala usikate vichaka.

Urinaji wa usiku unahitaji maneno ya peke yake, kwa sababu wengi wetu tumerithi kurina gizani wakati nyuki wametulia. Chungwa kali halina nguvu usiku. Bila mwanga wa mchana hakuna cha kurudisha. Usiku ni zamu ya mistari ya fedha na kurunzi. Hata hivyo kurunzi inayozunguka karibu na mpaka wa pori la akiba ndiyo alama ambayo askari wa doria huitafuta, kwa kuwa majangili huwatia wanyama mwanga machoni. Kwa hiyo kikundi kinachorina usiku kitoe taarifa kwa maandishi, kikae mbali na mpaka, na kiwashe taa moja isiyozimwa chini ya mti badala ya kurunzi nyingi zinazomulika huku na huku. Anayeweza kuhamia urinaji wa jioni mapema kwa vazi la nyuki na moshi wa kutosha, ahamie.

Mchana, mrina asali hukabiliwa na jambo jingine: mavazi ya kujikinga na nyuki kwa kawaida ni meupe au ya rangi hafifu, kwa kuwa nyuki hukasirishwa na rangi za giza. Chungwa si rangi ya giza, lakini kizibao chenye jasho na moshi juu ya vazi la nyuki kinasumbua. Nimeona inafaa zaidi kukitundika kizibao kwenye tawi la mti wenye mzinga, juu ya kichwa cha mtu, na kingine upande wa pili wa shina, halafu kila mmoja akivae tena kabla ya kuondoka chini ya mti huo.

Hatua ya tano: ukisikia mlio wa bunduki

Vazi linamsaidia anayekuona. Risasi ya bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3, mbali kuliko jicho linavyoona katika vichaka vyetu, na kwa risasi iliyokosa shabaha kizibao hakina la kufanya. Ukisikia mlio, usikimbie. Mtu anayekimbia akiwa ameinama kati ya vichaka anafanana na kitu kilichokurupushwa. Simama nyuma ya shina nene la mti au kichuguu, ita kwa sauti ya binadamu, "Kuna watu huku!", rudia mara kadhaa, wala usipige mluzi au kuiga sauti yoyote. Kukiwa kimya, rudini kwa njia mliyojia, mkiongea. Kama mlio unatoka mahali ambapo mliambiwa hakuna wageni, huenda ni ujangili: msiusogelee, wekeni kumbukumbu ya saa na upande, kisha toeni taarifa kijijini au kwa askari wa wanyamapori.

Utunzaji wa rangi

Jua la Dodoma hula rangi hii upesi, na vumbi jekundu huifunika kabla jua halijamaliza kazi yake. Fua kizibao kwa sabuni ya kipande na maji ya baridi, usitumie dawa ya kung'arisha nguo, na kianike kivulini. Kisiachwe kwenye kioo cha mbele cha gari au juu ya paa la nyumba mwaka mzima. Kata kipande kidogo cha kitambaa kipya siku ya kununua, kihifadhi ndani ya bahasha, na kila Juni linganisha. Tofauti ikionekana wazi, kizibao hicho kibaki cha kazi za shambani, na porini uende na kipya.

Kuligeuza vazi kuwa kanuni ya kijiji

Mtu mmoja akivaa, ameonekana yeye. Kijiji kizima kikivaa, wawindaji, waongozaji wao na askari wanazoea kwamba chungwa maana yake ni mwenyeji, na yeyote asiyeivaa anaulizwa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo hupitia mkutano mkuu wa kijiji na kupata idhini ya halmashauri ya wilaya. Anayetaka kulipeleka jambo hili huko aandike vipengele vinavyopimika. "Wananchi wavae nguo za kung'aa" ni sentensi isiyoweza kusimamiwa na mtu. Iandikwe hivi: kuanzia tarehe 1 Julai hadi siku msimu unapofungwa, kila anayeingia katika eneo lililotajwa kwenye ramani ya kijiji avae kofia na kizibao cha chungwa kali chenye ukubwa usiopungua sentimita za mraba 3,000, kinachoonekana pande zote, na mzigo wake uwe na alama ya rangi hiyo, kwa mtoto sentimita za mraba 1,800 pamoja na kofia.

Sipendekezi faini katika mwaka wa kwanza. Mchunga mbuzi wa miaka 12 hatakuwa na fedha ya faini wala ya kizibao, na adhabu itamfundisha kupita mahali asipoonekana, kinyume kabisa na tunachokitaka. Afadhali kijiji kinunue vizibao 30 au 40 kwa pamoja, viwekwe ofisini vikiwa na namba, viazimwe kwa kuandikwa daftarini na kurudishwa jioni. Daftari hilo lina faida nyingine: saa 1 usiku ofisa mtendaji akilifungua na kukuta namba 17 haijarudi, anajua ni nani wa kutafutwa, na aliondoka kuelekea upande gani.